Kigugumizi cha Mashine ya Makomeno

Makomeno, Lubumbashi
Tarehe 12 mwezi wa kumi, 2025

Mpendwa yaya André, mkubwa wangu,

Pokea salamu za sisi wote uliotuacha hapa nyumbani. Hujambo huko Liège? Kifua chako na ile baridi vimeelewana? Hapa joto limepanda, vumbi jekundu linaingia hata kwenye sukari, na mvua bado inatuangalia kwa mbali. Mama yuko salama, isipokuwa miguu. Imevimba tena, na sasa kutoka kitini hadi mlangoni ni safari ya kupumzika katikati. Ikumbuke hiyo miguu unapoendelea kusoma.

Nakuandikia kwa karatasi, nitampa Chileshe anayesafiri kuja huko, kwa sababu ukipiga simu tunakusikiliza wote, Mama akiwa mbele. Habari hii sitaki ajue kwamba imetoka kwangu.

Kadi ya picha uliyotutumia, ile ya kuipa kompyuta nguvu ya michezo, ilifika bila mkwaruzo. Niliiweka mwenyewe ndani ya kompyuta yetu ya zamani, kwa elimu ileile niliyotengenezea pasi na redio: kufungua, kuogopa, kufunga tena. Siku ya kwanza tulicheza mpira kwenye kioo hadi tukaona nyasi zikilala. Dada yetu Plamedie alisahau mboga ya sombe motoni. Mama, ambaye mpira haujui, alifurahi kuliko wote. Alichojua ni kwamba kitu kimetoka kwako.

Wiki iliyofuata mashine ikashikwa na kigugumizi. Mchezaji anakimbia, anaganda, kisha anaruka mbele kama aliyeibiwa hatua. Mwanzoni mwa mchezo inaenda vizuri, ukikolea, inaanza. Nikapunguza ubora wa picha. Nikafuta programu ya kadi, nikaiweka upya. Nikapuliza vumbi. Kigugumizi kilekile, na sasa feni zilikuwa zinalia.

Nikaibeba hadi kwa Katongo, fundi wa kompyuta pale sokoni. Akaiwasha, akacheza mpaka wateja wakamkasirikia, na haikukwama hata mara moja.

“Mutale, mashine iko muzima,” akaniambia. “Muntu wa kupima ni weye.”

“Kwetu inakwama.”

“Basi mugonjwa ni nyumba yenu. Angalia courant.”

Hapo woga ukaniingia, yaya. Unazijua nyaya za umeme za nyumba hii, zimo ukutani tangu enzi za babu, na ukuta uleule ndio Mama anaegemeza kiti chake mchana kutwa. Nikanunua stabilisateur mpya ya kutuliza umeme. Kigugumizi kikabaki. Kisha ikaja harufu ya nailoni inayoungua, kidogo tu, kama mtu anachoma mfuko nje. Plamedie akasema ni jirani. Nilitamani sana awe jirani. Nikiwa kazini Kipushi, kwenye duka la vyuma, kila simu ikilia nilikuwa naangalia kwanza kama ni namba ya nyumbani.

Jumatano nilirudi mapema. Nikamkuta Plamedie anacheza, kigugumizi kimekolea, Mama amesinzia kitini kando ya mashine, na moshi mwembamba unapanda kutoka kwenye kitambaa.

Kitambaa, yaya. Unajua kwetu kitu cha thamani hakikai bila kitambaa. Televisheni inacho, redio inacho, hata ndoo ya maji ya kunywa inacho. Kompyuta ya zamani ilikuwa nacho miaka yote, na haikuwa na joto la kumuudhi mtu, ndiyo maana jicho langu lilikuwa limeacha kukiona. Lakini kwa heshima ya zawadi yako, Mama alifuma kipya, kirefu hadi chini, na ndani akatia nailoni ya kuzuia vumbi. Mashine ilikuwa inapumua ndani ya mfuko. Kwa Katongo ilikaa uchi, ikapona.

Nilikivuta. Nailoni ilikuwa imeyeyuka na kuziba matundu ya nyuma, na uzi mweupe ulikuwa na rangi ya chai. Mama hakuamka. Nikaitazama miguu yake, kisha nikapima kwa macho kutoka kitini hadi mlangoni.

Tangu hapo, bila kitambaa, mchezo unateleza kama mafuta. Shida ni kwamba Mama hataki.

“Kintu ya André haitakaa uchi mbele ya bageni,” akaniambia. “Batasema nini juu yetu?”

“Mama, itaungua.”

“Weye tangu utoto unaogopa. Hata kuku ulikuwa unakimbia.”

Kuhusu kuku ni kweli. Kesho yake nilikuta kitambaa kingine, na nailoni mpya. Nikikitoa, anakirudisha; nikikificha, anafuma. Nikabeba waya wa umeme wa mashine mfukoni hadi Kipushi; Plamedie akaazima mwingine kwa Katongo. Nikiichomoa kadi, Mama atasema nimekataa mkono wako.

Basi mpigie wewe, yaya, usingoje. Usinitaje. Mwambie huko mashine kama hizi huachwa wazi ili wageni waone mtoto ametuma nini. Nikisema mimi, ni woga. Ukisema wewe, ni maendeleo.

Plamedie anakusalimu, na Katongo anauliza kama kuna kadi nyingine. Mama anakuombea rozari kila mchana, palepale kwenye kiti chake.

Mungu akufunike kwa mkono wake popote ulipo. Mashine atuachie wazi.

Mdogo wako akupendaye, anayeandika huku ananusa hewa,

Mutale