London Ni Karibu Kuliko Dar

Jumatatu, mwezi wa sita. Baridi ya leo hapa Songea inaingia mpaka kwenye meno. Nimewasha jiko la mkaa nikakaa karibu, bado natetemeka. Najua si baridi.

Oliva wangu ana miaka minne na yuko London.

Baada ya Pasaka alikuja wifi yangu Editha, dada wa mume wangu, anayeishi huko. Hajajaliwa mtoto. Akatuomba tumpe Oliva akakae naye, asome. Kwetu shangazi akiomba mtoto humwambii hapana, ni damu yake. Lakini nililia. Akanicheka: "We wifi, unalia kama kuna msiba! Kutoka Dar ni masaa kumi tu kwa ndege. Wewe ukipanda basi hapa kwenda Dar, masaa kumi si bado uko njiani unakula vumbi?"

Mimi niliishia la saba. Na kwetu ukiuliza mahali ni mbali kiasi gani, unajibiwa kwa masaa. Tunduru wakati wa mvua usiulize, ni kulala njiani. Basi nikapiga hesabu yangu: London ni karibu kuliko Dar. Na Dar nimewahi kufika.

Machozi yakakata. Nguo zake nilizikunja mwenyewe.

Jana baada ya misa wifi alipiga simu dukani kwa Mzee Haule, nikaitwa. Akampa Oliva. Hakunisalimia hata.

"Mama, njoo unichukue."

"Nitakuja, mwanangu."

"Njoo leo. Shangazi kasema ni masaa kumi. Nakaa mlangoni."

Simu ikakatika.

Leo asubuhi nilimbeba mdogo wake mgongoni, nikaenda kwa Mwalimu Ngonyani, shule ya hapa Mfaranyaki. Nilimwamkia, nikamwomba anieleze njia ya kwenda. Akanipeleka kwenye ramani ya dunia ukutani. Kidole kimoja Songea, kingine Dar. Vikagusana. Halafu akaupandisha mkono, akapita jangwa, akapita bahari, mpaka mkono ukanyooka wote.

"Ni zaidi ya kilomita elfu saba, Mama Oliva. Hapa na Dar hata elfu moja hazifiki."

"Sasa mbona masaa ni machache?"

"Ndege inakimbia, mama. Si kwamba ni karibu."

Hakunicheka. Afadhali angenicheka.

Wifi hakunidanganya, hilo nakubali. Masaa ni kumi kweli, lakini ni ya mwenye tiketi na pasipoti. Mimi masaa hayo sina. Mimi nina zile kilomita, zote.

Je, jana alikaa mlangoni mpaka saa ngapi? Nani alimwondoa pale?

Tangu anioe sijawahi kumpinga Baba Oliva kwenye jambo la ndugu zake. Leo nampinga. Mtoto arudi. Wakwe watanuna, watasema nimevunja undugu, nimemnyima wifi yangu furaha. Pengine ni kweli, na yeye namhurumia. Lakini wanune. Akipanga wifi kuja tena Krismasi, aje naye, na akija naye haondoki.

Namsikia Baba Oliva nje anakung'uta viatu. Naacha kuandika hapa, nikamwambie kabla hajakaa, kabla sijaogopa.