Miwa Nyuma ya Bega la Mume Wangu

Kilosa, Jumapili ya mwezi wa sita. Mawingu tangu asubuhi, na kibaridi cha kuvalia sweta.

…kwa hiyo hapana, sijatulia, wala mtu asiniambie nitulie. Nimeshona mkono wa gauni la mteja nje ndani, nikafumua, nikarudia kosa lile lile. Wifi yangu Rehema, ninayekaa naye hapa, dada wa mume wangu Idrisa, amenitazama akacheka.

"Wifi, leo unashona au unapigana vita?"

Napigana vita. Na niliyempiga ni mume wangu mwenyewe.

Mnaosoma hapa mnajua nimeolewa juzijuzi tu, baada ya Idi, na mmeshachoka kunisikia. Mtachoka zaidi. Nikisema nampenda Idrisa nasema kidogo. Akicheka, jino lake la pembeni hujitokeza kama linachungulia wageni, na mimi naishiwa maneno. Anaendesha magari ya watalii kwenye kambi moja Mikumi. Mimi niko huku na cherehani yangu mpaka tupate chumba cha watu wawili. Katikati yetu kuna vijiji vya Masanze na Ulaya, na vumbi.

Sasa, Idrisa ana ugonjwa mmoja mtamu: picha za jeshi la India. Si la nchi nyingine. Alijifunzia udereva kwenye trekta lililotoka India, akataka kujua wenye trekta lile wanaunda nini kingine, na hajarudi tena. Yuko kwenye kundi la simu la watu kama yeye, mafundi redio, walimu, wauza vipuri. Wanajadili vifaru na manowari. Wanajadili ndege zilizofichwa chini ya mapaa ya mviringo, kambi za milimani ambako askari wamezama kwenye theluji mpaka magotini, na ngamia wa gwaride waliopambwa kuliko bibi harusi.

Nilijiunga ili niwe karibu naye. Wenzangu walipokuwa wakichumbiwa walipewa maua. Mimi nilitumiwa picha ya kifaru kinachobeba daraja mgongoni; kikifika mtoni kinalitandika, wengine wanavuka. Chini yake Idrisa aliandika: "Mto Mkondoa ukifurika, nitakujia hivi."

Nani angemkataa huyo?

Kundi lina sheria moja. Picha inawekwa bila maelezo, na kabla hujasema unachodhani, lazima useme unachokiona. Naona magurudumu manane. Naona mnara hauna bendera. Ndipo ubashiri ni wapi na ni nini. Ukikosea, unaandika mbele ya wote: "Nimekula mchanga." Mkubwa wa kundi, tunayemwita Mjomba Darubini, hamwachii mtu.

Jana Idrisa akanitumia picha yake, jino na kila kitu. "Niko mbugani, mpenzi. Twiga wanakusalimia." Nikaibusu simu. Kisha macho yangu, ambayo siku hizi yamezoea kutafuta kambi kwenye kila picha, yakapita begani kwake.

Naona majani marefu yamesimama kwa mistari. Nyasi za mbugani hazisimami kwa mistari. Naona gurudumu la tela. Naona pembe ya nyumba, kamba ya nguo, na juu ya kamba kanga ya njano.

Kanga ya nani?

Mtu mwenye akili zake angepiga simu akauliza. Mimi nilikata uso wa mume wangu kwenye picha, nikabakiza ukingo wa bega, majani, tela, nyumba na kanga, na leo asubuhi nikaiweka kwenye kundi bila maelezo, kama sheria inavyotaka. Idrisa Jumapili asubuhi hufua, hashiki simu. Nilitaka waniambie ni wapi tu, halafu niifute.

Nilichosahau ni kwamba watu hawa wakiona picha, wanaona India.

"Naona miwa," akaandika Mjomba Darubini. "Naona tela. Naona nyumba ya bati. Hapo ni kaskazini mwa India, karibu na mpaka."

"Naona kanga," akasema mmoja anayejiita Mzinga, mchokozi wetu. "Wahindi wameanza kuvaa kanga lini, Mjomba?"

"Kanga iko kwenye macho yako, kijana. Hilo ni turubai la kufunikia rada."

Wakavutana. Kanga iliyokuwa inanichoma roho ikawa rada, ikawa alama ya kikosi, ikawa pazia la ofisi ya kamanda. Nilikuwa nacheka huku machozi yananilengalenga. Lakini neno moja lilikuwa limeshaniingia. Miwa. Ndani ya mbuga hakuna shamba la miwa.

Kumbe mawingu yalikuwako hata huko aliko. Hakufua.

"Naona bega la shati langu la kijani," akaandika Idrisa. "Naona miwa ya Ruaha. Naona tela ninaloliburuta. Naona kanga ya mama mwenye nyumba wangu, bibi wa watu, ana wajukuu. Sasa semeni mnachodhani."

Mjomba Darubini akaandika, "Nimekula mchanga," na hakuna aliyemcheka, hata Mzinga.

Idrisa akanipigia. Kambi ya Mikumi haikuwaita tena baada ya masika. Watalii wachache, madereva wengi. Amepata trekta la kubeba miwa kule Ruaha ya mashamba, si ile ya mbuga, jirani na Kidodi, na picha zote za twiga alizokuwa akinitumia ni za zamani.

"Nilimwambia baba yako naendesha watalii," akasema. "Ningekwambiaje sasa naendesha miwa?"

Nikamwambia miwa angalau ina sukari. Hakucheka.

"Ungeniuliza tu, mke wangu. Mimi si kambi ya Wahindi."

Akakata.

Amenidanganya, na linaniuma, sitajifanya haliniumi. Lakini yeye alificha trekta kwa sababu ya aibu, na mimi nikaichukua aibu hiyo nikawapa watu wapime. Nilikuwa nimeshamhukumu kwa kanga ya bibi. Nilisema ninachodhani moyoni kabla sijamaliza kuona, na sheria naijua.

Nimemwandikia, kwake peke yake: "Nimekula mchanga."

Alama zinaonyesha amesoma. Hajajibu. Kila simu ikilia naruka kwenye kiti, na ni wateja tu. Rehema ameninyang'anya lile gauni, anasema nitamvalisha mwenye nalo mkono shingoni.

Basi safari hii ni zamu yangu kutandika daraja. Idrisa, najua unasoma hapa hata ukiwa umenuna. Nimemwambia Rehema alinde cherehani. Nataka kuliona hilo trekta, nimwamkie shikamoo huyo bibi mwenye kanga ya njano, na nikuone wewe, uso mzima, bila kukatwa.

Usinitumie picha nyingine. Kabla mwezi huu haujaisha, nakuja Ruaha.