Mlango wa Kaka Yako Nimeung'oa

Nyumbani kwa kaka yako,
Chumba cha mbele.
Jumapili, tarehe 9.

Mpendwa binti yangu,

Salamu kwanza, hasira zitafuata. Hujambo? Mume hajambo, na watoto? Mgongo umeacha kukusumbua? Mimi mzima wa afya, na msumeno naushika vyema kuliko vijana wa leo. Barua hii naandika kwa mkono wangu, sikumwomba mtu, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Sasa sikia uchafu wa kaka yako. Tangu wifi yako achoshwe na pombe ya mumewe akarudi kwao, nyumba inaendeshwa na mjukuu wangu mkubwa, yule binti. Miaka kumi na tano! Anafua, anapika, anawaogesha wadogo zake wawili, na matapishi ya baba yake anadeki yeye. Nilipoliona beseni la matapishi, nusura nitapike na mimi.

Jumatatu nilifika asubuhi. Nikamkuta mlangoni na sare ya shule, mdogo wake kalala mgongoni, anaongea na msimamizi wa karakana aliyekuja kumuulizia kaka yako.

"Shikamoo. Baba ana homa, atakuja kesho."

Macho makavu! Na homa yenyewe inakoroma chumbani. Msimamizi akatikisa kichwa, akaenda zake. Ndipo mtoto akaniambia mwalimu amemwonya: akikosa tena shule, mtihani wa mwezi ujao hafanyi.

Damu ikanichemka. Kaka yako kajifungia kwa ndani, kasahau nani aliyezitia zile bawaba. Mlango ule kazi yangu, mbao ngumu, fundi mwingine angekimbia. Nikaung'oa mzima mzima, nikauegemeza ukutani.

"Baba, mlango wangu!" kaka yako analia huku kajifunika shuka.

"Wako? Uliupiga randa wewe?"

Nilidhani mjukuu wangu atanipigia makofi. Wapi! "Babu, taratibu, utamwamsha mtoto." Akaingia, akachukua beseni, akatoka bila hata kumtazama baba yake. Keshazoea. Hapo ndipo nilipochefuka kuliko yote.

Basi nimehamia. Kitanda ni changu, kaka yako analala sebuleni chini. Kila asubuhi namfuata nyuma mpaka geti la karakana, kama mtoto wa chekechea, na wenzake wanamcheka. Wacha wamcheke. Mjukuu wangu yuko shuleni tangu Jumanne.

Wadogo ninao mimi. Kupika nimejua kwa siku moja. Hawasifu, lakini wanakula. Ila yule wa mwisho, wa kike, akiona sega anaingia uvunguni, na dada yake anataka kuacha vitabu aje amsuke. Nimekataa katakata. Niandikie upesi: nywele za mtoto zinasukwaje? Na usimwambie mtu kuwa nimeuliza.

Msalimie mkwe wangu, na mama yake yule mbishi. Mwambie katika ule ubishi wetu mimi bado sijashindwa. Mungu akutunze, na baba wa wanao aendelee kuamka asubuhi.

Ni mimi nikupendaye,
Baba yako, fundi.