Kituo Kinataka Nahodha Mwingine, na Nahodha Ni Mama

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Nakuomba unishike mkono, maana nimetumwa neno ambalo ulimi wangu unalikataa.

Mimi ni msusi, na mdogo wangu wa kiume ni fundi wa friji, na mwaka jana alianza kutengeneza na kurusha mtandaoni tamthilia ya kuchekesha ya watu wanaosafiri angani, chombo chenyewe kakiunga kwa mabati ya friji zilizokufa pale karakana kwake, mimi nikashona nywele za viumbe wa sayari nyingine, na nahodha akawa mama yetu, mkunga mstaafu, ambaye tangu tumzike baba alikuwa akijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Tulicheka, mshauri, maana kamba zinaonekana, kiumbe mmoja zipu yake haifungi, na jogoo wa jirani anawika katikati ya anga. Lakini kipindi cha sita injini ilizimika, mama alipaswa kumkaripia fundi mitambo ili watu wacheke, badala yake akaenda dirishani, akaitazama dunia kwa muda mrefu, akasema taratibu, "Kumbe wote mmo mle." Basi. Dunia yenyewe ni mpira niliopaka rangi kwa mikono yangu, najua hadi pale ilipochuruzika, na bado nilisahau kwamba nimesimama karakana, hata mdogo wangu aliyeshika kamera hakuthubutu kuizima.

Sasa kituo kimoja cha televisheni kimeipenda, ila kinataka irudiwe na nahodha awe binti mrembo anayejulikana, na mdogo wangu kaja saluni akaniambia, "Dada, mwambie mama wewe. Sema daktari kamkataza kusimama sana." Nikamuuliza kwa nini asiende mwenyewe, akasema, "Nikimtazama usoni sitaweza." Hii ndiyo ndoto yake, sitaki kumharibia, na mama kila asubuhi anakariri maneno ya kipindi cha saba huku anafagia. Nifanye nini?

Msusi Njia Panda

*

Msusi, marahaba. Nimevitazama vipindi vyote sita kabla ya kushika kalamu.

Kasoro mnazo. Ule utani wa kiumbe kukwama mlangoni mmeurudia mpaka umechacha. Sauti ni ya mtu anayeongea ndani ya pipa, na kipindi cha tatu hakina kichwa wala miguu. Hayo yanarekebishika. Lakini mlango wa friji ulipofunguka na mvuke ukatoka, nilicheka, halafu nikaamini. Na mama yenu alipofika dirishani, chai ilipoa mkononi mwangu. Mwanamke aliyepokea watoto wa watu maisha yake yote anaitazama dunia kwa mbali, na anajua anachokitazama. Nimeandika safu hii miaka mingi. Sina neno la kukitosha kile kimya.

Ndiyo maana nakukaripia. Umekuja kuniuliza kama umdanganye mkunga kuhusu afya yake mwenyewe? Mwogopeni Mungu.

Mdogo wako aende mwenyewe, mchana, aseme ukweli wote. Huenda mama akamwachia binti nafasi kwa moyo mweupe, huenda akakataa. Uamuzi ni wake. Kituo kijibiwe baada ya hapo, si kabla. Na kijana ajue anachouza: akimtoa mama, anabaki na mabati.

Wewe nenda naye, keti pembeni, na akikwama usimmalizie sentensi.