Maji Yasiyo na Harufu

Jinja, 12 Januari 2025

Dada yangu Twaibah,

Asalaam alaykum. Natumaini hujambo, na mashine ya kusaga haijamaliza hicho kidogo kilichobaki cha masikio yako. Simu ya sauti huisikii, kwa hiyo nakuandikia, nawe uniandikie hata ukiwa na hasira. Sisi tu wazima. Fatumah anakusalimu sana.

Ile nyumba ya karibu na mto tumehamia. Nilipokuambia ina bwawa la kuogelea ulicheka, ukasema nifuge kambale. Mwezi wetu wa kwanza hapa ilibaki kidogo nifuge kweli. Maji yaligeuka kijani, vyura wakaja na jamaa zao wote. Nikamwaga nusu ndoo ya klorini, maji yakawa meupe kama yaliyooshewa mchele. Bakhit, yule Mnubi anayeuza dawa za maji hapa mjini, akaniuliza kama nilipima kwanza. Sikujua kwamba maji hupimwa. Sasa kila asubuhi nachota kwenye kichupa, natia matone, na rangi inaniambia kama klorini ipo, na kama maji yameelekea kwenye ukali wa ndimu au wa magadi. Fatumah anasema nimeoa mke wa pili.

Ninachotaka ni hiki: nipe Mama. Daktari wenu alisema magoti yake yanataka mazoezi ndani ya maji, la sivyo mwaka hautaisha kabla hajashindwa kutembea. Maji ninayo.

Ndugu yako,
Zubairi

Wanale, Mbale, 19 Januari 2025

Zubairi,

Wa alaykum salaam. Mimi mzima, isipokuwa mgongo. Mama naye yupo kwa kadiri yake. Mwanamke aliyeosha maiti za nusu ya Wanale leo hawezi kuinama kuokota kijiko. Nimesoma barua yako nikiwa mashineni Namatala, watu wamepanga madumu bombani, na wewe una maji ya kujilaza ndani. Mungu ana wake anaowapendelea.

Nitakupa Mama, kwa sababu nimechoka na sioni haya kusema nimechoka. Lakini sukari yake wewe unaijua kwa jina tu. Miguu imekufa ganzi. Akikanyaga msumari hajui. Kila jioni mimi huishika, nikatazama nyayo na katikati ya vidole. Atakataa, atakuambia huna adabu. Tazama hivyo hivyo. Ukiona kidonda, hata kama ni cha kukwaruzwa na kucha, asiingie majini, na unijulishe siku hiyo hiyo.

Nataka arudi akitembea.

Dada yako,
Twaibah

Jinja, 9 Februari 2025

Dada yangu mpenzi,

Asalaam alaykum. Habari za Wanale, na mgongo wako unasemaje? Huku ni kheri tupu.

Mama anatembea. Nakuapia. Anashuka ngazi za bwawa na gauni lake, kilemba na soksi, ameshika ufito wa pembeni, na juzi aliuachia akavuka upande wa pili peke yake. Alicheka mpaka Fatumah akatoka jikoni kuja kuona kuna nini. Kabla ya kuingia hujipaka mafuta ya habat soda kuanzia magotini mpaka chini, anasema ndiyo yanayofanya kazi na maji yanasaidia tu.

Tatizo ni moja. Analalamika kwamba maji yananuka hospitali, na macho yanamchoma. Nilimuuliza Bakhit. Akasema harufu ile si ya dawa nyingi, ni ya dawa iliyochoka kwa kupigana na jasho na mafuta, kwa hiyo niongeze. Sasa dada, mchuzi ukizidi chumvi, kuna mtu huongeza chumvi? Nimepunguza.

Ndugu yako,
Zubairi

Wanale, 13 Februari 2025

Zubairi,

Salaam. Nimefurahi mpaka nimelia hapa mashineni, wateja wakadhani ni vumbi la unga.

Lakini Bakhit kuuza dawa hakumfanyi mwongo. Fanya alivyosema, na Mama aache kuingia na mafuta. Tena umeniandikia ufito, kilemba, kicheko na soksi. Nyayo hukuniandikia. Mvue hizo soksi hata kwa ugomvi.

Dada yako,
Twaibah

Jinja, 27 Februari 2025

Dada yangu,

Asalaam alaykum. Ramadhani hiyo inabisha hodi, Mwenyezi Mungu atufikishe salama.

Soksi hazivuliki. Nilipomwomba alinijibu, "Mimi ndiye niliyekuogesha. Wewe hutaniogesha." Fatumah naye alijaribu, akafukuzwa chumbani. Nguvu ya kumshika mama yangu miguu kwa lazima sina. Wewe unayo.

Tena kuna jambo lingine. Kuinama bombani kunamuumiza, kwa hiyo ameanza kutawadhia bwawani, ameketi kwenye ngazi. Sasa anasema udhu wake haufai, kwa sababu maji yaliyobadilika harufu hayawezi kumtoharisha mtu. Alisoma hivyo chuoni Nakaloke akiwa msichana. Nikamwambia hata ya bomba yana dawa hiyo hiyo. Akasema ya bomba hayanuki. Halafu akaniambia, "Kufunga daktari amenikataza. Na sala mnataka kunichafulia?" Akalia, dada. Sijamwona Mama akilia tangu tumzike Baba.

Nimeacha kutia dawa. Mashine ya kuchuja inazunguka mchana kutwa, na maji yanaonekana mazuri, jana niliona kibanio cha nywele cha Fatumah kule chini kabisa. Kichupa sijakigusa, maana najua kitaniambia nini. Mama ana furaha. Anakaa kwenye ngazi zile kila sala, anaosha miguu polepole, soksi ameziweka pembeni, na mimi nageuza uso ili asione haya.

Ndugu yako,
Zubairi

Wanale, 28 Februari 2025

Zubairi,

Salamu tuziache.

Kisima cha Namatala kilionekana kizuri mwaka ule mtaa mzima ulipoharisha. Macho hayapimi maji. Kichupa ulikinunua cha nini?

Kinga maji ya mvua kwenye ndoo. Mweke Mama kwenye kiti, mpe birika, atawadhe. Ndoo moja, Zubairi. Dawa irudi bwawani, na Mama asiingie mpaka kichupa kikubali.

Na hapo anapovua soksi, usigeuze uso. Tazama.

Dada yako,
Twaibah

Wanale, 15 Machi 2025

Zubairi,

Asalaam alaykum. Funga inaendaje? Mama hajambo?

Barua yangu uliisoma siku ile ile, alama za buluu naziona kwenye simu. Leo nimemwomba mteja ampigie Fatumah kwa niaba yangu, hakupokea. Niandikie hata neno moja.

Twaibah

Jinja, 21 Machi 2025

Dada,

Asalaam alaykum. Nipo hospitali. Nimeandika nikafuta, nimeandika nikafuta.

Ndoo niliinunua. Iko pale barazani, haijatiwa maji. Kila siku nilisema kesho. Alikuwa anakaa kwenye ngazi zile na tasbihi yake, uso umetulia kama zamani, nikashindwa kumtoa. Ngazi zilianza kuteleza. Pembeni maji yaliingia ukijani kidogo. Nikasema, Idd ikipita tu nitayatibu.

Jumatatu homa ilimpanda akaanza kumwita Baba. Chumba kilikuwa na harufu, tukadhani ni panya amefia darini. Fatumah akafungua madirisha. Halafu akamvua soksi, Mama hakuwa na nguvu ya kumkataza. Chini ya kidole kidogo kulikuwa na shimo, na mguu ulikuwa umegeuka mweusi mpaka kifundoni.

Daktari anasema kidonda cha sukari hakihitaji bwawa ili kioze. Akaniuliza bwawa nalitia nini. Nikamwambia, akaandika.

Wamekata chini ya goti. Amezinduka. Ameniuliza ni lini atarudi majini.

Zubairi

Wanale, 21 Machi 2025

Nakuja kumchukua. Usimwambie kitu. Nitamwambia mimi.

Twaibah

Wanale, 11 Aprili 2025

Zubairi,

Asalaam alaykum. Natumaini mlifika Jinja salama. Wageni wa msiba wa Mama wamekwisha kutawanyika, nimebaki na masufuria ya watu.

Uliondoka bila kuniaga na sikukuzuia. Lakini kuna jambo hukuliona, kwa sababu ulikuwa nje na wanaume, na mimi sitaki kulijua peke yangu.

Tulimwosha watatu, mimi, mama mdogo, na Hajati Nandutu aliyerithi kazi ya Mama hapa mtaani. Maji niliyateka mwenyewe kwenye kijito kinachoshuka mlimani, kwa sababu ndiyo aliyoyapenda. Niliyanusa. Hayakuwa na harufu yoyote. Nikajisemea, angalau haya.

Maji ya kwanza tuliyatia majani ya mkunazi. Ilipofika mara ya mwisho, Hajati akafungua kikaratasi, akasaga kafuri kwenye kiganja, akaitia ndani ya beseni. Chumba kizima kikanuka. Nilimshika mkono, nikamwambia, Mama hataki maji yenye harufu. Akasema, "Mwanangu, kafuri ni sunna. Kipimo hiki ni mama yako aliyenifundisha, na yeye ndiye aliyekuwa akisema maiti haendi bila hiyo."

Ni kweli. Wewe na mimi tulikuwa tukitumwa dukani kuinunua. Maisha yake yote aliwaosha watu kwa maji yanayonuka, akawaita safi, akawaswalia. Ungemwambia neno hilo pale kwenye ngazi, angebisha kidogo, halafu angekubali, unamjua. Hukulikumbuka. Na mimi niliyekuandikia mambo ya kisima na ndoo, sikulikumbuka.

Nikammiminia. Kuanzia kulia, kama alivyotufundisha, mpaka nikafika goti la mguu ule, na mkono wangu ukaendelea kushuka na beseni pasipo na kitu, maji yakamwagika sakafuni. Hajati akaniongoza mkono nikahamia kushoto.

Umeniuliza kupitia Fatumah kama nimekusamehe. Bado. Bwawa usilifukie, maana najua ndilo unalolifikiria sasa. Tia dawa, pima kila asubuhi, uinuse harufu yake.

Dada yako,
Twaibah