Lile Refu, Lile Fupi

Jumapili, 5 Januari 2014

Bosi ananunua gari! Duka lake la mazulia la Balad, hapa Jeddah, limezidiwa na wateja, na lile tawi la Riyadh, pale Al-Dirah, kila siku linalia halina mzigo. Anataka van ya dizeli. Itaenda Riyadh kila Jumatano na kurudi Ijumaa. Ameona mbili kwenye mnada wa magari, moja refu, moja fupi. Akanigeukia: Silas, wewe ulikuwa fundi kwenu Kisumu, utanichagulia.

Kila Jumatano Riyadh! Yaani kwa Lydia. Mke wangu ni nesi huko, anakaa hosteli ya hospitali. Tangu tuje nchi hii tumeonana mara moja tu, kwenye benchi la mall, na Damaris anayelala naye chumba kimoja amekaa katikati yetu kama mwalimu wa zamu. Leo nimeosha gari la madam, mke wa Bosi, nikiimba. Madam alichungulia dirishani kuona kama niko salama.

Jumatatu, 6 Januari

Makame ameniharibia siku. Huyu ni dereva mwenzangu, Mzanzibari, wa juzi tu hapa. Tunalala pamoja kwenye chumba cha getini, nyumbani kwa Bosi, mtaa wa Al-Safa. Nilikuwa naoga, simu yangu ikalia, akaipokea! Nimetoka na povu masikioni, namkuta anasema, "Shemegi, mumeo yumo bafuni ajipamba. Sijui huku Al-Safa ajipambia nani." Na Lydia anacheka. Kile kicheko chake cha kukatika pumzi. Mimi nilikisikia lini mara ya mwisho?

Nikapewa simu. Ati huyo mwenzako ana Kiswahili kitamu, Silas, mpaka raha kumsikiliza. Kitamu! Kwani changu ni kichungu? Nilimtongoza kwa hikihiki na akakubali.

Halafu jioni, mbele ya madam, Makame anajigamba. Gari kama lile fupi ndilo aliloendesha Zanzibar miaka yote akibeba watalii, analijua kama kiganja chake. Madam akasema basi halas, likinunuliwa hilo, Makame ndiye wa Riyadh. Hakuna aliyeniuliza mimi. Nilikuwa nimesimama hapohapo na ndoo.

Jumanne, 7 Januari

Mnadani na Bosi, asubuhi.

Lile fupi: boneti baridi kabisa. Limewaka mara moja. Nimefungua kifuniko cha oili injini ikinguruma — hakuna moshi, hakuna kitu. Gari safi. Ningekuwa nanunua langu, ningelikumbatia.

Lile refu: nimeweka mkono kwenye boneti, moto. Muuzaji alikuwa ameliwasha kabla hatujafika. Fundi yeyote wa dizeli anajua maana yake. Injini ikipigwa na baridi, inakataa kuwaka. Zile plagi za kuipasha moto zimekufa. Hapa Jeddah huwezi kujua, hapa hata maji ya bomba yanatoka kama chai.

Bosi akauliza, haya, lipi?

Nikamwona Makame ndani ya lile fupi. Kiwiko dirishani. Anaingia Al-Dirah na Kiswahili chake kitamu, mke wangu anamngoja mlangoni.

Nikasema refu, Bosi. Mdomo ukashika kasi wenyewe. Linabeba mara mbili ya lile. Unaweza kupeleka mizigo ya sehemu mbili kwa safari moja. Na fupi je? Nikatikisa kichwa kama daktari. Injini mafi, Bosi, hamna kitu.

Akaniamini. Akaniambia pia kwamba gari hili liko juu ya kichwa changu: nikimdanganya, nitafute kafili mwingine wa kunidhamini nchi hii, kama nitampata. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Jumatano, 8 Januari

Limekuja. Makame amelizunguka, akasema, "Bwana we, hili jumba!" Analiogopa. Raha iliyonipata, sijui niiweke wapi.

Nimempigia Lydia: andaa chapati, nakuja. Amepiga vigelegele. Kisha akauliza, na Makame mtakuja naye? Nikasema mtandao ni mbaya, nikakata.

Jumamosi, 11 Januari

Mimi ni mjinga. Niandike kwa herufi kubwa: MJINGA.

Bosi amepata oda ya hoteli moja ya Makka. Mazulia ya chumba cha kuswalia. Amekuja getini anasugua mikono. Silas, ulisema kweli, safari moja, sehemu mbili! Anashusha Makka, anaendelea Riyadh. Yalla, Makame, jitayarishe.

Ikama yangu, kile kibali cha kuishi hapa, imeandikwa mimi si Mwislamu. Nikifika kwenye kile kibao kikubwa barabarani cha Waislamu tu, lazima nizunguke na njia ya pembeni. Makka siingii. Makame anaingia na kuswali na kutoka. Nilisahau? Sikusahau. Sikujua tu kama kuna oda ya Makka. Maneno ya sehemu mbili nilikuwa nimeyasema ili kuuza lile refu!

Na Bosi, bila ubaya wowote, akaongeza. Tungechukua fupi, lisingetosha vyote. Makame angepeleka ya Makka kwa pikapu, na wewe ningekutuma Riyadh.

Sijala leo. Makame ameniwekea wali, ameufunika kwa sahani. Sitaki wali wake.

Jumatano, 15 Januari

Ameondoka. Amejipulizia udi! Dereva wa mizigo, udi wa nini? Kwa sababu anapita Makka, anasema. Haya.

Nimempa mzigo wa Lydia, sweta na mafuta ya mikono, maana amelalamika baridi ya Riyadh inampasua ngozi. Nilipotamka neno baridi nikaigeukia boneti ya lile refu. Makame alikuwa ameshapanda. Akachungulia kwa upole, yule mtu ana upole wa kuudhi. "Kaka Silas, kuna la kuniusia kuhusu jumba hili?"

Plagi. Ningemwambia plagi. Neno lilifika kwenye meno.

Nikasema endesha tu.

Alhamisi, 16 Januari

Amefika. Lydia ametuma picha kwenye WhatsApp. Amevaa sweta langu juu ya abaya, amesimama mbele ya duka la Bosi, mazulia yamekunjwa nyuma yake. Ameandika asante mume wangu, limenikaa vizuri. Amependeza. Amependeza mno.

Picha kapiga nani?

Nimeikuza. Pembeni, kwenye kioo cha duka, kinaonekana kiwiko cheusi cha mpiga picha. Nimeuliza, akasema ni Damaris, walitoroka zamu ya mchana kidogo. Inawezekana. Pia kiwiko ni kiwiko tu, mtu yeyote anacho.

Ijumaa, 17 Januari

Haliwaki.

Makame amempigia Bosi tangu alfajiri. Riyadh asubuhi watu wanatoa mvuke mdomoni, na lile refu limelala pale nje ya duka, unalipiga stati linakohoa tu. Wamelisukuma. Wamebadilisha betri. Mafi. Bosi anatembea uani na tasbihi, hanitazami.

Kwa hiyo Makame yuko Riyadh siku nyingine. Amelala stoo, juu ya mazulia. Na leo ni Ijumaa, siku ambayo basi la hospitali huwaleta manesi sokoni. Lydia amempelekea chai kwenye chupa. Na chapati. Amenisimulia mwenyewe, tena kwa huruma: masikini, alikuwa anatetemeka, Silas, mtu wa pwani yule hajazoea.

Chapati! Zile zangu! Na baridi inayomtetemesha nimemnunulia mimi, kwa mdomo wangu, mbele ya muuzaji.

Nimemwuliza kama Damaris alikuwepo. Akaniuliza nina nini siku hizi.

Jumamosi, 18 Januari

Naandika haya chooni. Nimejifungia.

Bosi ameingia chumbani kwetu na simu yake, ameweka spika, ameilaza kitandani kwangu. Fundi wa Riyadh anataka kufungua injini yote. Makame upande wa pili, sauti imekauka kwa mafua. "Kaka Silas, mie nimeshindwa. Hebu niambie, gari hili lina nini?"

Na nyuma yake, karibu kabisa, sauti ya Lydia. Leo tena! Ati amekuja kumletea dawa ya kifua. Anamwambia Makame, muulize tu vizuri, mume wangu anajua magari hata akiwa usingizini, yeye hawezi kushindwa. Alisema hivyo. Kwa fahari. Nilitaka kulia.

Bosi alinitazama, na mkono wake ukawa umekaa juu ya mfuko wa kanzu, pale anapoweka pasipoti zetu akiwa na hasira.

Nikisema plagi, kabla ya adhuhuri zitakuwa zimebadilishwa, Makame atakuwa njiani anarudi, mbali na mke wangu. Na Bosi ataniuliza nimejuaje kutoka hapa Jeddah, bila kuligusa. Atakumbuka boneti. Alikuwa amesimama kando yangu nilipoweka mkono. Nikirudishwa nyumbani, Lydia anabaki nchi hii peke yake. Peke yake na shemegi.

Nikisema sijui, wanafungua injini. Wiki nzima. Chai, chapati, dawa ya kifua.

Nimesema tumbo, Bosi, dakika moja, nikakimbilia huku.

Anagonga. Yalla, Silas! Spika bado iko wazi, nasikia kila kitu kupitia mlango. Makame anakohoa. Lydia anamwambia Bosi, kwa kile Kiarabu chake cha hospitali, wasiniharakishe, waniache nifikirie, sisi tutasubiri tu hapa.

Sisi! Sisi nani?