Namba Juu ya Injini ya Baba

Jumamosi, 1 Juni 2024

Baba amekubali! Miaka arobaini na mitatu Chevelle, gari lake la zamani, imelala bandani, na leo amesema basi, itafutiwe fundi. Injini yake imeganda tangu siku ile kaka yangu Gerrit alipoichukua bila ruhusa, ana miaka kumi na saba, akarudi akivutwa na trekta la jirani. Baba hakumpiga. Alimwambia neno moja tu: "Umeiua." Akafunga banda. Gerrit alipomaliza shule akahamia Arizona, na tangu hapo huja nyumbani kama mgeni: kahawa, keki, kwaheri.

Siku zote amesema hakuiendesha vibaya. Hakuna aliyemwamini. Hata mimi dada yake—nilikuwa na miaka kumi na minne na nilichotaka kujua ni ilikwenda kasi gani.

Anakuja tarehe 22, Baba anatimiza themanini na saba. Nataka akute injini iko kwa fundi na lile neno limeshazikwa. Nina wiki tatu. Na simtafuti fundi wa kubadilisha oili. Namtaka wa injini za nguvu, aturudishie ule mngurumo uliokuwa ukitikisa vikombe vya Mama kabatini.

Jumapili, 2 Juni

Sipigi simu yoyote. Siku ya Bwana hata jina la gari halitajwi kwetu. Jirani alikata majani Jumapili moja mwaka juzi na Baba anamsalimia kwa shingo upande mpaka leo. Kanisani nilimnong'oneza habari za mafundi, akanipa pipi ya peremende ninyamaze. Mahubiri yalikuwa marefu, ya pipi tatu.

Jumanne, 4 Juni

Ile gereji kubwa ya Grand Rapids: foleni ya miezi kumi na minne. Nikawashukuru.

Jioni nikaenda kwenye uwanja wa duka la aiskrimu, wanakokusanyika wenye magari ya zamani na kufungua boneti. Nikazunguka nikiuliza: nani kaiunda injini yako? Ajabu ya watu hawa! Mtu atakusimulia upasuaji wake na talaka yake, lakini jina la fundi wake atalitoa kwa kunong'ona, kama anakuonyesha mahali anapookota uyoga. Nimeondoka na majina mawili. Norm Postema, wa hapa hapa kwetu Zeeland. Na mwanamke mmoja wa Muskegon, Tess Wojcik.

Alhamisi, 6 Juni

Kwa Norm, na Baba. Walisoma shule ya Jumapili pamoja. Paka kalala kwenye boksi la pistoni. Vumbi la chuma hadi ndani ya kikombe cha kahawa.

"Mimi bloki ya injini naipeleka kwenye mashine, naichonga juu yote," Norm akasema. "Inatoka bapa kama meza."

Nikauliza, na namba je? Maana namba imegongwa hapo hapo juu, kwa mbele. Kwa wapenzi wa magari haya, namba ya injini ikilingana na ya gari ni kama cheti cha ndoa: hawa wawili walitoka kiwandani pamoja. Ukiichonga, ndiyo imekwenda.

"Dada, namba haiendeshi gari."

Baba akacheka. "Umesikia, Willa? Haiendeshi gari." Akataka tumpe Norm kazi pale pale.

Baba huyu! Fundi wa vifaa vya kiwandani miaka thelathini na minane, mtu wa kurudisha mkate dukani kwa sababu umekatwa mshazari. Anapenda nini kwa Norm? Nimesema nifikirie kwanza.

Jumatatu, 10 Juni

Muskegon. Sakafu ya Tess unaweza kulia chakula. Yeye mfupi, mikono mikubwa, maneno machache. Alimuuliza Baba alikuwa akitumia oili gani miaka ile, Baba akajibu, wakaelewana, wakasahau kama nipo. Nikasema moyoni, tumefika.

Kisha Tess akaeleza anavyoanza kazi. "Kwanza nasafisha namba, napiga picha. Ndipo nafungua."

Baba akavaa kofia yake. "Twende nyumbani."

Garini akasema mwanamke huyo anaongea sana. Haongei sana! Tangu tuingie alisema sentensi kumi hivi. Kuna kitu. Sijui ni nini na udadisi unaniwasha mwili mzima.

Jumatano, 12 Juni

Nimefanya jambo. Baba alipelekwa kwa daktari wa macho na watu wa kanisa. Nikampigia Tess aje bandani.

Alikuja na tochi, tambara na kopo la mafuta ya taa. Akasugua mbele ya injini mpaka namba ikatokea. Inalingana na ya gari, tarakimu zote. Nikapumua.

Halafu akainama nyuma, karibu na giaboksi, akasugua na huko.

"Gari lenu la mwaka gani?"

"Sabini. Baba alilinunua jipya."

"Chuma hiki kilimiminwa sabini na tatu. Tarehe yake hii hapa."

Injini ni changa kuliko gari lake kwa miaka mitatu. Nikamwambia asome tena, akasoma tena. Ni ya lori, akasema, na namba yetu imegongwa kwa mkono. "Aliyeigonga ana mkono mzuri sana," akasema, bila kuniangalia.

Akaingiza kamera yake ndogo kwenye tundu la plagi, akanionyesha kuta za silinda zilivyolika. Injini hii ilikuwa imechoka kabla haijafungwa humu. Nikamuuliza kuhusu Gerrit: je, mtu angeiendesha polepole?

"Ingenoki na kufa hata ukienda nayo kanisani."

Nilikaa bandani muda mrefu. Namwonea Gerrit huruma.

Alhamisi, 13 Juni

Supu ya njegere. Bado sijamwambia.

Jumamosi, 15 Juni

Nimemwambia. Za mwizi arobaini. Baba kapata miaka arobaini na mitatu.

Hakubisha. Ilikuwa Septemba 1980, Jumapili, ibada ya jioni. Alisema tumbo linamsumbua, sisi tukaenda. Kulikuwa na kijana wa Hudsonville mwenye Mustang, wiki nzima anamchokoza: mzee wa kanisa, hilo gari ni la kubebea kwaya? Wakakutana kwenye barabara iliyonyooka, kwenye mashamba ya matunda.

"Nilimshinda," Baba akasema. "Kisha chuma kikatoboa injini, kikatokea ubavuni."

Sisi tuliambiwa gari limekwenda kupigwa rangi. Akanunua injini kwenye vyuma chakavu, akaifunga, akaigonga namba ya ile iliyokufa.

"Ingekuwa Jumatatu ningesema, Willa."

Namwamini, na hilo ndilo linaloniudhi! Ingekuwa Jumatatu angelitoa mezani, Mama angemfokea, tungecheka. Jumapili ikamfunga mdomo, na miezi tisa baadaye mtoto wake akabebeshwa lawama.

"Na Gerrit?"

"Nilidhani atasahau."

Nikamwambia nilichokuwa nacho chote, na sauti yangu haikuwa nzuri. Mwisho nikamwambia achague mwenyewe. Norm ataichonga Jumatatu na hakuna atakayejua. Tess hataichonga.

Akasema leo Jumamosi, kesho hatuzungumzi mambo ya gari.

Jumatatu, 17 Juni

Saa moja asubuhi, hajamaliza kahawa: "Mpigie yule mama wa Muskegon aje aichukue. Mwambie namba asiiguse mpaka Gerrit aione."

Nikauliza nani atamweleza.

"Nitakuwepo," akasema. Zaidi ya hapo sikupata.

Jumamosi, 22 Juni

Muskegon. Naandikia magotini, ndani ya gari, nje ya gereji ya Tess. Tess amekwenda kununua donati ambazo hakuna aliyeziomba.

Mlango mkubwa uko wazi. Injini iko kwenye stendi yake. Baba kwenye stuli, kofia magotini. Gerrit ameshika tochi. Nywele zake zimekuwa nyeupe zote, sikuwa nimeona.

Kompresa inanguruma, sisikii neno. Ningeweza kusogea. Mimi, wa kusikiliza nyuma ya kila mlango—leo nimebaki garini.

Baba anaonyesha mbele kwa kidole. Sasa nyuma. Gerrit anazunguka, anainama, anaweka kidole kwenye mwaka. Hajakiondoa. Baba anaongea. Bado anaongea. Sijawahi kumwona akiongea muda mrefu hivi.

Gerrit ameinua mkono, Baba amenyamaza.

Amechukua kiti kilichokuwa ukutani. Amekiweka karibu na injini, si karibu na Baba. Ameshika mgongo wa kiti. Hajaketi.